Usinunue Mbegu Kavu za Kakao

Wewe unayetaka kupanda kakao nyumbani, ngoja kwanza. Hiyo pakiti ya mbegu kavu unayouziwa mtandaoni ni pesa unatupa. Mbegu ya kakao ikikauka, imekufa. Hupandwa ikiwa mbichi, siku chache tu baada ya kutolewa kwenye tunda. Mimi nilinunua 10, nikamwagilia mchanga mtupu miezi 2.

Na kama uko Nairobi, usijidanganye. Kakao hutaka joto na unyevu, ndiyo maana majirani zetu huilima Bundibugyo, Uganda, na Kyela, Tanzania. Baridi ya Julai itaimalizia hapo kwenye roshani yako. Aliye Mombasa ana nafasi: atafute mche, aupande kivulini, udongo usikauke.

Hata hivyo, tunda la kwanza huchukua miaka 3 hadi 5. Najua tumezoea vitu vya chapchap, na wauzaji wanajua hivyo pia. Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, uliza: mbegu imetolewa lini kwenye tunda? Akianza kuzungusha maneno, rudisha simu mfukoni.