"Nilianza na elfu hamsini"... Na shamba la baba je?

Wiki hii safu yako imepanda basi, imevuka mikoa kibao na kutua huku magharibi kabisa, Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Nimekuta vijana wamenuna. Kuuliza kulikoni, nikajibiwa kwa mkato: "Braza, hawa wasomi wenu wa kwenye simu wanatutania."

Wasomi wa kwenye simu ni akina nani? Ni wale vijana waliomaliza chuo juzijuzi, joho la kukodi bado halijarudishwa, lakini tayari wamegeuka walimu wetu wa maisha. Instagram wamo, TikTok wamo, YouTube wamo. Asubuhi anakwambia amka saa kumi na moja. Mchana anakuonyesha shamba. Jioni yuko ufukweni na dafu mkononi, anakwambia umaskini ni akili yako tu. Wajuaji wanawaita mainfluensa. Mie nawaita makungwi wa bando, maana unyago wao unalipiwa kwa bando lako wewe.

Na wote wana wimbo mmoja: "Nilianza na elfu hamsini."

Basi nikiwa Nyakanazi nikakaa kijiweni. Kwa asiyepajua, Nyakanazi ni njia panda ya Biharamulo. Huku unakwenda Kahama, huku Kakonko na Kigoma, huku Bukoba, huku Ngara mpaka daraja la Rusumo na Rwanda ng'ambo. Malori hayalali, na vijana wa bodaboda nao hawalali. Simu ilikuwa moja, macho kumi. Kwenye kioo alikuwapo binti mtanashati, digrii ya biashara, kasimama katikati ya migomba na buti ambazo hazijawahi kuona tope. Alianza na elfu hamsini, anasema, na leo ana ekari kumi.

Kijana mmoja mwenye koti la mvua hakucheka wala hakununa. Akasema taratibu: "Muulize hizo ekari kumi kauziwa na nani kwa elfu hamsini."

Kijiwe kililipuka, lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

Hebu tuchukue kalamu, msomaji wangu. Tuseme kifaranga mmoja ni shilingi 2,500. Elfu hamsini ni vifaranga 20. Basi, pesa imekwisha! Bado hujanunua chakula. Bado hujanunua chanjo ya kideri. Bado hujajenga banda, hujaweka taa ya kuwapa joto, hujamlipa mtu wa kuwalinda usiku. Na kuku hawasubiri mtaji wako ukomae, wanataka kula leo jioni. Kwa hiyo ama vifaranga hao walikula upepo, ama kuna mtu nyuma ya pazia alikuwa anawalisha.

Mtu huyo ndiye anayekatwa kwenye video. Baba mstaafu mwenye shamba. Mjomba mwenye pikapu. Dada aliyeko Marekani aliyetuma simu ya kamera tatu. Shangazi mwenye nyumba mjini, ambaye mwanafunzi alilala kwake miaka mitatu bila kulipa kodi wala kununua unga. Hakuna dhambi hapo, jamani. Nani asiyetaka shangazi wa namna hiyo? Ila mtoto wa kishua akianguka, anaangukia godoro. Mtoto wa mlalahoi akianguka, anaangukia deni. Ukiwaambia wote wawili "thubutuni tu, msiogope", humaanishi kitu kimoja.

Sasa nikupe kisa kilichonifanya nishike kalamu badala ya kuwaandikia habari za mitindo wiki hii. Kijana mmoja wa kijiji cha Biharamulo, jina namtunzia, aliuza mbuzi wawili akalipa 120,000 kuingia darasa la WhatsApp la kungwi mmoja. Aliahidiwa siri za ufugaji. Akapewa makaratasi ya kusoma kwenye simu, kwa Kiingereza, na sauti mbili tatu za kumtia moyo. Baada ya siku chache kundi likafungwa. Kimya!

Nikamuuliza, je, mbuzi wanamuuma? Akasema hapana, mbuzi huzaliwa wengine. "Kilichoniuma, kaka, nilimwandikia kwamba nimekwama sina mtaji wa chakula. Akanijibu kwamba tatizo langu ni fikra za kimaskini. Nililala nikiamini kweli mimi ni mjinga."

Hapo ndipo kwenye jeraha, msomaji. Mtu kutanua na gari la kuazima ni vituko vya kawaida, tunacheka na maisha yanaendelea. Lakini ukificha ngazi uliyopandia, halafu ukamcheka aliyeko chini kwamba hajui kuruka, umemwibia hata imani ya nafsi yake. Wahenga walishasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu wa siku hizi amezidi, anamtoza mwenye njaa kiingilio!

Tena watu wa huku si washamba wa habari. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Kambi ya Benaco, jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, ikageuka mji kwa usiku mmoja. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapahapa Ngara. Kwizera maana yake ni tumaini. Redio ile ilitafuta watu waliopotezana na ndugu zao, ilieleza habari za afya na za kambini, na wenyeji nao wakaisikiliza. Msikilizaji alipofunga redio alikuwa amepata kitu cha kumsaidia siku ile.

Mzee mmoja wa Ngara mjini aliniambia jambo likanikaa: "Mtangazaji wa zamani alikuwa anatuuliza sisi tuna shida gani. Huyu wa kwenye simu anatwambia yeye ana raha gani." Hapo sikuongeza neno, nikanywa chai yangu.

Zamani hata kufika huku ilikuwa shughuli. Mabasi yalipita mapori ya Kimisi na Burigi yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa kuogopa majambazi. Leo barabara imetulia, na wenye kamera wanashuka na mabegi ya matairi, wanapiga picha maporomoko ya Rusumo, wanaandika "nimerudi kwenye mizizi", kesho hao wameondoka. Vijana wa hapa wameshaona vingi vikipita. Dhahabu ya Tulawaka, Biharamulo, ilianza kuchimbwa na Barrick mwaka 2005, na mwaka 2013 mzungu akafunga virago, STAMICO wakaachiwa. Nikeli ya Kabanga, Ngara, ina mkataba tangu Januari 2021, kampuni inaitwa Tembo Nickel na serikali ina asilimia 16, na vijana wanahesabu siku. Mtu aliyezoea kusubiri namna hiyo, usimwambie kwamba hajui subira.

Lakini ngoja kwanza. Safu hii haitaki kupigia ngoma upande mmoja. Hawa makungwi nao wana yao.

Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na maombi yaliyoingia yalikuwa 135,027. Gawanya mwenyewe: watu kama 85 wanagombea kiti kimoja! Mwaka huohuo walimu wasio na ajira wakafikia kuunda umoja wao, NETO. Na anayebahatika kupata kazi, kama alisoma kwa mkopo, tangu sheria iliporekebishwa 2016 anakatwa asilimia 15 ya mshahara kurudisha deni la Bodi ya Mikopo. Sasa huyu binti wa buti safi afanye nini? Nyumbani walichinja mbuzi siku ya mahafali. Majirani wanauliza "mwanenu yuko ofisi gani?" Kamera ndiyo ofisi aliyoipata. Kamera nayo haimlipi mtu kwa kusema "mambo magumu". Inamlipa kwa kung'aa. Kwa hiyo anang'aa, hata siku aliyolala na njaa.

Hilo nalielewa. Ila hata kwenye kung'aa huko, mlango haujawa mpana kwa wote. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza 2018, mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kulipa milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya mwaka, mbali na ada ya maombi. Baadaye zikapunguzwa, lakini wakati ule nani aliweza kutoa milioni mbili ili apate kuongea? Mwenye baba mzito, bila shaka. Kijana wa Rulenge mwenye kipaji cha kuchekesha alibaki anachekesha kijiweni bure.

Na watazamaji wakichoka, huwa hawagongi hodi. Mei 2024 huko New York, siku ya sherehe ya mavazi ya Met Gala, Haley Kalil, dada mwenye wafuasi mamilioni TikTok, alijirekodi kapendeza kama malkia, akiigiza kwa midomo ile kauli ya kale ya kuwaambia wenye njaa wale keki. Watu walikasirika wakaanza kuwafungia mastaa mmoja baada ya mwingine. Na sisi hapa nyumbani, baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, watu kwa wingi wakaanza kuwaacha mastaa waliokuwa wamepanda majukwaa ya kampeni. Kidole kimoja tu, mtu amekukimbia. Wafuasi si mifugo yako uliyoifungia zizini.

Kuna mchezo mwingine mbaya zaidi, pale kungwi anapotoka kwenye kuuza maneno na kuanza kupokea pesa za watu awazalishie. Waliokuwapo 2009 hawajasahau DECI na "kupanda mbegu". Waliofuata baadaye wakakutana na Mr Kuku, matangazo yamejaa Instagram, weka pesa yako sisi tukufugie, na mwaka 2020 mambo yakaishia mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Kuku wa kwenye picha hana kideri, ndiyo maana faida yake huwa tamu.

Sasa mie sisemi tuzime simu. Hapahapa Ngara nimeonyeshwa kijana mmoja, digrii ya ualimu, hana ajira, anafuga na kulima na kujirekodi. Wafuasi wake hawajai hata ukumbi wa harusi. Lakini video yake ya kwanza anasema wazi: "Shamba ni la mzee, pampu kanikopesha mjomba, mimi nimekuja na nguvu na kiherehere." Siku kuku wake walipokufa, aliwaonyesha wamelala chini, akaeleza chanjo aliichelewesha kwa siku ngapi. Ukisoma maoni chini yake, hakuna matusi. Watu wanauliza dawa, bei, majani gani ya kulishia. Wale vijana wa Nyakanazi wanaomzomea binti wa buti safi, huyu wanamwita "mwalimu" bila kejeli. Naye ana shamba la baba vilevile! Tofauti yake ni kwamba hakulificha.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa mjini, kabla hujauza mbuzi, redio au simu ya mama kumfuata kungwi, muulize maswali manne. Moja, ardhi ni ya nani? Mbili, ulikula nini na kulala wapi miezi sita ya kwanza? Tatu, hasara yako kubwa ilikuwa lini, na nani alikuokoa? Nne, pesa yako ya leo inatoka kwenye kuku, au inatoka kwangu mimi ninayelipia darasa? Akijibu yote bila kukufungia, msikilize, huenda ana kitu. Akikwambia una fikra za kimaskini, ujue umegusa penyewe.

Na wewe kungwi, najua unanisoma, maana jina lako unalitafuta kila mahali. Mshukuru baba hadharani. Haitakupunguzia chochote. Itamfanya kijana wa Biharamulo ajue kwamba anapanda mlima ambao wewe ulibebwa nusu yake, na kwamba akichoka njiani si mjinga.

Haya, mpenzi msomaji, basi la kurudi linapiga honi, na kondakta wa huku hana utani na mwenye kalamu. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Bando lako likibaki, mpigie mama!