Roshani, Paka na Amana ya Roho



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kilicho na roho. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Wapenzi wasomaji, miji yetu ya pwani imebadilika. Zamani nyumba ilikuwa na ua, na ua ulikuwa na mlango wa nyuma. Paka aliingia na kutoka apendavyo, akala vichwa vya samaki jikoni, na usiku akawinda panya darini. Hata zile roshani za mbao za Mji wa Kale wa Mombasa zilikuwa na viunzi vya kupishana, ili bibi wa nyumba aone njia bila yeye kuonekana. Na kwa stara hiyo hiyo mtoto na mnyama nao wakapata kinga. Leo wengi wetu tumehamia nyumba za gorofa, Tudor, Kizingo, Nyali na kwingineko. Paka tumepanda naye, lakini ua tumeuacha chini. Alichobakiwa nacho ni roshani ya hatua chache, yenye vyuma vyembamba, na nje ya vyuma hivyo ni hewa tupu.

Mama mmoja alitujia baada ya darsa na swali lililogawa nyumba yake. Paka wao alianguka kutoka gorofa ya nne akafa. Binti yake mdogo analia na anataka kuletewa mwingine. Mume wake asema paka ni mnyama wa kuachiwa huru, kumfungia ndani ni dhuluma, na aliyeanguka ameanguka kwa kadari. Bibi wa watoto asema nyumba ya gorofa si ya paka. Hata yule mwingine aliyesalia atiwe guniani akaachwe sokoni. Na mama mwenyewe aliuliza kwa sauti ya chini: "Je, mimi nina dhambi?"

Tumeona tulijibu swali hili hapa, kwani nyumba zilizo na hali hii si moja.

Tuanze na daraja ya paka katika dini yetu. Imepokewa kwamba Abu Qatada (r.a.) aliwekewa maji ya kutawadha na mke wa mwanawe, Kabsha. Paka akaja kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anastaajabu, alimweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu. Na sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa lakabu ya Abu Hurayra, ambayo asili yake ni kipaka alichokuwa akikichukua. Basi asidhani mtu kwamba kumhurumia paka ni mambo ya wageni au ya matajiri.

Kisha iko Hadithi mashuhuri, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi huikumbuka kwa ufupi, wakadhani kosa lake lilikuwa ni kumfungia tu. Tuitazame vizuri. Alimfungia, hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Adhabu imekuja kwa kumfungia pamoja na kumnyima. Ndipo wanavyuoni wakaeleza kwamba kumweka paka ndani kunajuzu, maadamu mwenye kumweka hapuuzi chakula chake na maji yake.

Kwa hiyo hoja ya baba wa nyumba ina nusu ya haki. Paka wa nyumba ya chini, mwenye ua na mlango, kumwacha atembee ni kumwacha na maumbile yake. Lakini paka wa gorofa ya nne anaachiwa huru aende wapi? Uhuru wa roshani iliyo wazi ni hatua moja tu, na hatua hiyo haina ardhi chini yake. Mwenye kumfungia ndani, akamlisha, akamwekea maji, akamwachia pahali pa jua na pa kupanda, hakumdhulumu.

Watu husema fulani ana roho ya paka, wakikusudia kwamba hafi upesi. Msemo huu umewaua paka wengi. Ni kweli Mwenyezi Mungu amempa paka kipawa cha ajabu: akianguka mgongo chini hujigeuza hewani na kutua kwa miguu. Uti wake wa mgongo ni mwepesi kupinda, na mifupa yake ya mtulinga ni midogo isiyofunga mabega. Mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga picha za mfululizo za paka anayeanguka, na wataalamu wakashangaa kuona anavyogeuka bila ya kuwa na kitu cha kujisukumia. Lakini kujigeuza si kunusurika. Anayetua kwa miguu huvunjika miguu hiyo. Kidevu hupiga chini taya likavunjika, kaakaa likapasuka. Na kifua hupata mshindo hewa ikavuja nje ya mapafu.

Huko New York, madaktari wa hospitali moja ya wanyama waliandika mwaka 1987 habari za paka 132 walioletwa baada ya kuanguka kutoka majumba marefu. Waliotibiwa, takriban tisa katika kila kumi walipona, na tangu hapo watu wamezishika hesabu hizo kama dalili kwamba paka hafi kwa kuanguka. Wamesahau jambo moja: waliokufa papo hapo hakuna aliyewapeleka hospitalini. Na waliopona, walipona mikononi mwa madaktari, si kwa kuachwa walambe majeraha yao chini ya gari.

Wengine hujipa moyo kwa kusema: "Paka wetu ana akili, amekaa kwenye ukingo ule miaka miwili." Paka haanguki kwa upumbavu. Huanguka kwa sababu amekusanya macho yake yote kwa kitu kimoja. Kunguru wa Mombasa, ambao hawana haya, hutua kwenye vyuma vya roshani na kumchokoza. Jioni mjusi kafiri hutokea karibu na taa. Paka huruka, na alipopakanyaga ni pembeni. Wengine hulala juu ya ukingo adhuhuri, wakajigeuza usingizini. Wakati wa masika vigae huteleza. Paka wachanga ndio wanaoanguka zaidi, kwani wana hamu nyingi na uzoefu mdogo. Na waliofikia wakati wa kutaka dume au jike hutafuta kila upenyo wa kutokea.

Ama kusema kwamba ni kadari, tunaamini kadari, heri yake na shari yake. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake atawakali, au amwache tu atawakali, alimfundisha afunge kisha atawakali. Na iko Hadithi iliyopokewa na Abu Daud ambayo laiti ingebandikwa kwenye kila gorofa: ya kwamba mwenye kulala juu ya paa lisilo na kizuizi, dhima imemwondokea. Yaani aliyeacha kinga pahali pa hatari asitafute wa kumlaumu. Ikiwa mtu mzima mwenye akili ametakiwa awe na kizuizi, mtoto na mnyama wanastahiki zaidi.

Sasa tuje kwenye utendaji, mama zetu na dada zetu, kwani nyinyi ndio wenye kuijua roshani kuliko wengine.

La kwanza ni kuondoa ngazi. Madumu ya maji, viti vya plastiki, mtungi wa gesi na vyungu vya mrehani na asumini, vikiegemea vyuma vya roshani vyote huwa ni ngazi. Visogezwe ukutani.

La pili ni wavu. Ufungwe kutoka sakafuni mpaka darini, kwani paka hupanda wavu usiofika juu kama mnazi. Matundu yake yawe madogo, kiasi cha vidole viwili. Pahali panapopita kichwa cha kipaka, mwili utapita. Waya wa kuku wafaa na bei yake si kubwa, lakini hewa ya bahari huula upesi. Achaguliwe uliopakwa zinki, na ukaguliwe kila msimu, kusi na kaskazi. Wavu wa nailoni wa wavuvi hauli kutu, ila uwe wa uzi mnene na wavutwe ukakaza, kwa sababu paka huweza kuutafuna ule mwembamba, na uliolegea waweza kumnasa. Ufungwe kwenye kulabu au fremu, si kwa kamba za kubahatisha.

La tatu ni madirisha. Wavu wa mbu hauzuii paka. Makucha yake huupasua, au huutoa na fremu yake akaanguka nao. Madirisha ya vioo vya luva ni hatari kwa vipaka, kwani hupenya baina ya vioo. Yakihitajika kufunguliwa kwa joto, yatiwe waya kwa ndani.

La nne, asiyeweza kuweka wavu mwezi huu na afunge mlango wa roshani, na paka asitoke ila mtu yuko naye. Hili halina gharama. Humo ndani awekewe sanduku la mchanga, libadilishwe kila siku, na liwe mbali na nguo za swala, kwa sababu paka ni tohara lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi. Mwenye mimba asilisafishe yeye. Amwachie mwingine, kwa hofu ya maradhi yatokayo kwenye kinyesi cha paka yakamdhuru mtoto tumboni.

Na ikiwa ameshaanguka? Asidanganywe mtu na paka aliyesimama akatembea. Maumivu humficha paka uvunguni, na kifua kilichoumia huonyesha athari yake baada ya saa kadhaa. Akipumua kwa kinywa wazi, au ufizi wake ukiwa mweupe, ni jambo la haraka. Mfunikeni kwa leso, mumchukue taratibu, mumweke ndani ya boksi au kapu, mumpeleke kwa daktari wa wanyama. Asilazimishwe maziwa wala chakula. Na tunasema kwa msisitizo: msimpe Panadol. Dawa hiyo inayotutuliza sisi ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Akimuuma mtu kwa uchungu, jeraha lioshwe kwa maji ya kutiririka na sabuni kwa robo saa, kisha mtu huyo aende hospitali, kwa tahadhari ya kichaa cha mbwa.

Jirani naye ana haki zake. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla fundi hajatoboa ukuta, na jirani wa chini asimwagiwe mchanga wa sanduku wala manyoya. Wenye nyumba nao tunawanasihi wasikatae. Wavu unaomzuia paka ndio umzuiao mtoto wa miaka miwili anayepanda kiti kuchungulia baba anaporudi. Fedha ya wavu ni ndogo kuliko sanda.

Ama rai ya bibi, ya kumtia paka guniani na kumwacha sokoni, tunamwomba bibi yetu kwa heshima aiache. Paka aliyelelewa ndani hajui magari wala kuwania chakula na paka wa mtaa. Kumtoa kwenye mikono yenu na kumtupa kwenye njaa kwakaribia lile tulilolitaja la mwanamke yule. Ikiwa nyumba haiwezi kumtunza, atafutiwe mtu wa nyumba ya chini atakayempokea kwa ridhaa.

Na baba asimcheke binti yake. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma, alimuuliza mtoto mdogo, Abu Umayr, habari za kindege chake kilichokuwa kimekufa. Machozi ya mtoto juu ya mnyama ni rehema iliyotiwa moyoni mwake. Ikivunjwa leo, kesho tutaitafuta tusiipate atakapotulea sisi wazee.

Tunabaki na swali la mama. Asiyekusudia, na asiyejua hatari, tunataraji kwa Mola wake hana lawama. Na kujiuliza kwake ni dalili ya moyo ulio hai. Lakini kutojua hakurudi mara mbili. Kuna paka mmoja bado yuko nyumbani, na roshani ni ile ile. Kabla hajaletwa mwingine, fundi aje kwanza. Hata ikiwa ni mwezi mzima wa kuweka akiba, mlango na ufungwe mpaka siku hiyo, na binti apewe kazi ya kuhakikisha umefungwa. Kazi hiyo itamfaa kuliko kuambiwa asilie.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba katika kumtendea wema kila mwenye ini bichi kuna ujira. Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, watoto wetu na kila roho iliyo chini ya mikono yetu, na asitujaalie kuwa wenye kupuuza amana. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.