Baba, butura na mahubiri yetu



Nililelewa Kagera, katika kibanja cha migomba na mibuni. Mwaka mmoja niliugua sana, na baba akauza butura: alimwachia mlanguzi kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ulipofika, mavuno ya jasho letu yakaenda kwa mwingine.

Baba hakusahau. Baada ya sala za jumuiya aliwaomba jirani wabaki, akafungua daftari. Kila mmoja alitoa kidogo alichoweza. Aliyepatwa na msiba, ugonjwa au ada ya mtoto alikopa humo, akarudisha baada ya kuuza kahawa kwenye chama cha msingi. Wapo walioshindwa kurudisha. Baba hakuwafukuza, alikwenda kuwasaidia kupalilia.

Namkumbuka kila ninaposikia wakulima wakikaripiwa kanisani kwamba wanauza butura kwa uvivu na ulevi. Wa namna hiyo wapo, lakini baba yangu aliuza kwa sababu mtoto wake alikuwa wodini. Papa Yohane XXIII, mwana wa wakulima, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, aliwahimiza wakulima waungane katika ushirika.

Ndugu mafrateri, kesho mtatumwa vijijini. Kabla ya kukemea butura, iulizeni jumuiya: mtoto akiugua usiku, mzazi anakopa kwa nani? Kama jibu ni mlanguzi, anzeni na daftari. Mahubiri yatafuata.