Nyuzi kumi na mbili ni kazi ya wawili

KITUO CHA NJIANI
Na Stefano Mwegoha

Kijana mmoja wa hapa Gairo kanitumia ujumbe mrefu. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akafika kwenye shida yake: ameuza alizeti, amebakiwa na chochote mfukoni, na anataka kununua gitaa kavu la nyuzi kumi na mbili ili apige kwenye kwaya ya vijana. Gitaa lake mwenyewe hajawahi kuwa nalo. Kodi anazozijua ni tatu, kazijulia kwenye gitaa la kuazima. Hakuniuliza kama anunue au asinunue. Aliuliza achague lipi.

Nimempenda kwa hilo, maana anasema kila aliyemuuliza kabla yangu alimjibu neno lilelile: anza na sita kwanza. Ushauri si mbaya, ila umetolewa kivivu. Unamwambia mtu asubiri, haumwambii anachokisubiri. Ile sauti ya nyuzi kumi na mbili aliyoisikia kwenye simu ikamnasa iko palepale, na yeye ataendelea kuitamani kila akishika la sita. Mimi nina jibu jingine. Ila kwanza tukiangalie chombo chenyewe.

Gitaa la nyuzi kumi na mbili lina jozi sita. Jozi mbili nyembamba, mi ya juu na si, ni pacha wa kweli: nyuzi zote mbili zinalia sauti moja. Jozi nne zinazobaki, sol, re, la na mi nene, kila moja ina uzi wake wa kawaida na mwenzake mwembamba anayelia oktava moja juu. Ukikwaruza mara moja unasikia besi na kilele chake kwa pamoja. Tena nyuzi mbili hazilingani kamwe kwa asilimia mia, na hiyo tofauti ndogo ndiyo inayoleta mtetemo ule wa kumeremeta ambao mtu asiyejua atadhani ni magitaa mawili.

Sauti ya namna hiyo si ya kuja na meli jana. Udi wa taarabu ya Unguja umefungwa nyuzi zake mbili mbili, na kwenye kanuni sauti moja hupewa nyuzi tatu. Wewe vuka Pandambili tu uingie Ugogoni: ilimba kubwa ina vyuma ambavyo kidole cha mpigaji hakivigusi kabisa. Vimewekwa vitetemeke vyenyewe pale wenzao wanapopigwa. Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo Desemba 2003, aliizungusha ilimba hiyo duniani na watu wa nje wakashangaa. Kwa hiyo kijana wa Gairo anayetaka sauti moja isindikizwe na nyingine asiambiwe anaiga Wamarekani.

Ugumu uko kwenye mvuto. Seti nyepesi ya kawaida kwenye gitaa la sita, ikishatuniwa, inavuta kwa nguvu ya kilo 73 hivi. Seti nyepesi ya kumi na mbili inavuta karibu kilo 114. Nguvu hiyo yote inabebwa na shingo, gundi, na ubao wa mbele ambao unene wake ni milimita tatu au pungufu, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani na mwenyewe yuko shambani. Gitaa lililojengwa vizuri linahimili miaka. La bei chee huanza kuvimba nyuma ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Daraja linanyanyuka kidogo kidogo, nyuzi zinapanda juu ya shingo, vidole vinauma, na mwenye gitaa anaamini kwamba hana kipaji. Wangapi wameacha muziki kwa sababu ya daraja!

Sasa juu ya mvuto huo weka hewa yetu. Gairo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, nyuma ya milima ya Ukaguru, na mawingu mengi yanamaliza mvua yake upande wa pili kabla ya kutufikia. Kuanzia Juni ni upepo na vumbi tu, na wanaopita hapa kwa basi kwenda Dodoma ni mashahidi. Watengenezaji wa magitaa hushauri unyevu wa hewani uwe kati ya asilimia 45 na 55. Gitaa lililokaa dukani Kariakoo limekunywa hewa ya bahari likashiba. Ulilete huku kwenye kiangazi, mbao zinasinyaa. Freti ni chuma, hazisinyai, kwa hiyo ncha zake zinachomoza pembeni mwa shingo. Ukipitisha kiganja zinakukwaruza kama msumeno. Ubao wa mbele nao, kama ni mbao nzima, unaweza kupasuka kwa kufuata mistari ya mti.

Hapa wajuzi watanizomea, lakini nitasema. Kwa anayeanza, na anayeishi Gairo, ubao wa mbele wa plaiwudi ni bora kuliko wa mbao nzima. Najua hauna ule utamu wa mbao nzima, na najua mbao nzima huzidi kunoga kadiri inavyopigwa. Lakini plaiwudi ni tabaka zilizogandishwa kwa kupishana, kwa hiyo hazikimbilii kupasuka. Yamaha FG820-12 na Fender CD-60SCE-12, majina mawili ambayo kijana kaniandikia, zote ubao wake wa mbele ni mbao nzima. Ni magitaa ya heshima. Dar es Salaam utaishi nalo bila tabu. Hapa utalazimika kulilea: likae kwenye boksi lake gumu, na ndani uweke kisahani cha sabuni chenye matundu, kimebeba sponji lililolowekwa na kukamuliwa vizuri, ukikague kila baada ya siku mbili tatu, Juni mpaka mvua zirudi. Mtu anayeamka alfajiri kwenda kupalilia viazi atalikumbuka sponji? Wiki ya kwanza, ndiyo.

Halafu kuna nyuzi zenyewe. Seti ya gitaa la sita si shida kuipata mjini. Ya kumi na mbili utaulizia duka hadi duka. Na uzi unaotangulia kukatika unajulikana: ni ule mwembamba wa jozi ya sol. Unene wake ni inchi 0.008 au 0.009, mwembamba kuliko hata mi ya kwanza, na unatakiwa ulie juu kuliko hiyo mi. Wapo unaowakatikia siku ya kwanza ya kutuni. Dawa yake ni rahisi, na sijui kwa nini wauza magitaa hawaisemi: chukua uzi wa kwanza wa seti ya gitaa la umeme, namba 9, ufunge hapo. Kwa kuwa makanisa mengi yana gitaa la umeme, uzi huo utaupata kwa jirani Jumapili yoyote.

Nilisema nina jibu jingine. Linatoka mkoani kwetu, maana Morogoro ina jina lake kwenye gitaa. Mji wa Morogoro ndio wa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Ndio wa Morogoro Jazz, alikoibukia Mbaraka Mwinshehe kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, na kabla ya ajali ya gari ya Mombasa iliyomchukua Januari 1979. Sikiliza rekodi zao kwa makini, uone ule unene wa magitaa unatoka wapi. Hautoki kwenye gitaa moja lenye nyuzi nyingi. Ridhimu inashika chini, solo inajibu juu, na katikati panapita gitaa jingine linaloshona mbili hizo. Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, iliufanya ushonaji huo kuwa kazi ya fundi cherehani.

Wakongo wao walikwenda mbali zaidi. Kwenye bendi zao kuna gitaa wanaloliita mi-composé, linalokaa kati ya ridhimu na solo. Ujanja wake ni mdogo mno: uzi wa nne, ule wa re, unatolewa, na mahali pake unafungwa uzi mwembamba unaotuniwa oktava moja juu. Uzi mmoja tu umebadilishwa, na gitaa zima limegeuka sauti. Bendi za Kikongo zilizohamia Dar es Salaam miaka ya 1970, Maquis wakiwamo, zilitua na mazoea hayo ya kugawana kazi, na dansi letu likafaidika. Hata kabla yao, Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952, mji ambao leo ni Likasi, aliwachanganya wasikilizaji kwa nyuzi sita, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembeza besi, shahada ikaimba juu, na watu wakatafuta mpigaji wa pili wasimwone.

Basi hesabu nyuzi zilizomo ndani ya pakiti moja ya gitaa la kumi na mbili. Kuna nyuzi sita za kawaida kabisa: mi, la, re, sol, si, mi. Zinabaki sita nyingine: zile nne za oktava, pamoja na si na mi za pili. Pakiti moja inavisha magitaa mawili ya nyuzi sita, bila kubaki hata uzi. Gitaa la kwanza lifunge kwa seti ya kawaida. La pili lifunge kwa zile nyembamba. Wamarekani wana jina la mtindo huo wa pili, wanauita wa Nashville, na studio zao zimeutumia miaka mingi. Mkae vijana wawili kwenye benchi moja, mpige kodi moja kwa mkwaruzo mmoja, na mtasikia kitu kilekile alichokisikia kijana wangu kwenye simu.

Faida zake msizidharau. Hakuna daraja linalobeba kilo 114. Kidole cha anayeanza kinakandamiza uzi mmoja mmoja, na ile kodi ya fa, inayowaliza wengi hata kwenye nyuzi sita, haihitaji kidole kimoja kilale juu ya nyuzi kumi na mbili. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, gitaa moja linaendelea. Mkishazoeana, mmoja anaacha kumfuata mwenzake, anaanza kumjibu, na hapo mmeingia kwenye ukoo wa kina Mbaraka, mahali ambapo gitaa moja la kumi na mbili haliwezi kuwafikisha. Kasoro ninayoijua ni moja: mifereji ya pale juu, karibu na vigingi, imechongwa kwa nyuzi nene, kwa hiyo uzi mwembamba unaweza kukaa chini mno ukawa unagonga freti. Kipande cha karatasi kilichokunjwa chini yake kinatosha.

Lakini vijana nawajua. Atasoma yote haya, atatikisa kichwa, na atataka lake, peke yake, lenye vigingi kumi na viwili vinavyong'aa. Haya, mwanangu, ukifika dukani usikimbilie kupiga. Chukua risiti, karatasi yoyote laini, ujaribu kuipenyeza chini ya daraja upande wa nyuma. Ikipita, rudisha gitaa. Kisha lishike kama unalenga shabaha, utazame shingo kutoka vigingini hadi tumboni: mpindo mdogo sana wa kuelekea mbele ni sawa, ukiona upinde wa mshale achana nalo. Kwenye freti ya kumi na mbili pima nafasi iliyopo kati ya chuma na uzi. Milimita mbili na nusu kwa mi nene ni raha, tatu ni kuvumilia, zaidi ya hapo ni adhabu. Upana wa shingo pale juu uwe karibu milimita 48. La sita huwa na 43 au 44 hivi, na anayekuuzia la kumi na mbili lenye upana huo anakutafutia ugomvi na vidole vyako. Zungusha kila kigingi. Vyote, si vitatu vya mbele. Na tuni kwa programu ya simu, palepale, uone kama linashika.

Ukilifikisha nyumbani, usilitunie kwenye mi. Lishushe tone nzima, lianzie re, kisha funga kapo freti ya pili unapotaka kuimba na wenzako. Kushusha tone moja kunapunguza mvuto kwa takriban moja ya tano, yaani kilo 114 zinakuwa 90 na kidogo. Lead Belly, yule Mmarekani aliyelipa gitaa hili umaarufu akiwa na Stella yake, alilituni chini zaidi ya hapo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba halisikiki.

La mwisho ni safari. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 ilipita Kilosa, sisi ikatuacha na barabara yetu, kwa hiyo gitaa litakuja kwa basi. Legeza nyuzi zote kabla ya kuondoka Dar. Usikubali liingie kwenye buti, maana joto la humo linalainisha gundi, na nyuzi zikiwa zimekaza daraja linateleza kabla hamjafika Chalinze. Konda atakudai nauli ya mzigo kwa kuwa umelikalisha kitini. Mlipe.