Msiicheke DVD ya harusi

Kuna watu wakiona video ya MPEG-2 leo hucheka: "Hiyo ni ya kale!" Kweli ni ya kale. Ndiyo inayotumika kwenye DVD tangu zilipoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1996. H.264 ilikuja 2003, AV1 ikafuata 2018, na zote mbili hubana video vizuri zaidi. Mbona basi hii kongwe haifi?

Jamani, sababu si ushamba. Anayeamua fomati ni mashine itakayoonyesha video. Deki ya DVD ina chipu iliyoundwa kufungua MPEG-2, na huwezi kuiwekea programu mpya kama simu. Mpelekee shangazi diski yenye AV1 uone: deki yake haitaonyesha kitu.

Halafu, kubadilisha fomati kuna gharama. Video hizi hubanwa kwa kutupa habari ambazo jicho halizitambui sana. Ukiibana upya unatupa nyingine, na kilichotupwa hakirudi. Kunakili faili jinsi ilivyo hakupunguzi ubora hata kidogo.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: nakilini DVD zenu kwenye tarakilishi kabla diski hazijakwaruzika. Mkitaka ya simu, tengenezeni nakala ndogo, lakini ile asilia msiifute. VLC huifungua bila malipo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Je, nyinyi mna video gani za zamani, na bado zinafunguka?