Mawe ya Ruangwa na Umri Wake

Baadhi ya wazazi huingiwa na wasiwasi mtoto arudipo kutoka shule na kusema kwamba mawe ya Nachingwea na Ruangwa yana umri uzidio miaka milioni 500. Wasimkaripie. Mawe hayo ni ya ukanda uitwao wa Msumbiji, upitao Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Baina ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara ya kale yaligongana. Matope ya chini ya bahari yakazikwa kina kirefu, yakashindiliwa na kuokwa kwa joto hata yakageuka mawe magumu yenye milia. Chokaa ikawa marumaru. Na mabaki ya viumbe vidogo yaliyokuwamo matopeni ndiyo yaliyogeuka kinywe, madini yale meusi yachafuayo vidole, yatiwayo katika penseli na siku hizi katika betri za magari.

Qurani haikutaja popote umri wa dunia kwa hesabu ya miaka. Lakini Sura ya Fatir, aya ya 27, yataja milia ya milimani, myeupe na myekundu na myeusi sana. Na aya iifuatayo yawataja wenye elimu. Basi kijana akileta nyumbani kipande cheusi cha Ruangwa, baba na amwulize alivyofundishwa, kisha amsikilize mpaka amalize.