Jina la kereng'ende lisitolewe haraka



Tangu kalasi ya biolojia ianze kupiga kereng'ende picha kwa telefone kule Kalimabenge na Mulongwe, ukuta umejaa majina ya Kilatini. Siye tunafurahi. Lakini tunasema wazi: mengi ya majina yale hayana msingi.

Tazameni wale wekundu. Karibu wote wameandikwa Crocothemis erythraea. Huyo tumbo lake ni pana na bapa, jekundu mpaka mwisho. Lakini Trithemis arteriosa naye ni mwekundu; tumbo lake ni jembamba na lina weusi pembeni kuelekea mkia. Ukimpiga toka mbele, uso na mabawa tu, hiyo tofauti utaiona fasi gani?

Orthetrum ndio taabu kabisa. Madume wakikomaa wengi wanapata unga wa bulu, na wanafanana sana. Alama ya kweli mara nyingi ni kile kiungo kidogo chini ya tumbo, kwenye pingili ya pili, nacho kinaonekana kwa upande. Picha ya juu, hata iwe nzuri namna gani, haikionyeshi.

Hatusemi picha ni bure. Mwaka 2015 Dijkstra, Kipping na Mézière walitangaza aina mpya 60 za Afrika kwa mara moja, na wengi wao hutambulikana kwa picha. Basi tupige tatu: toka juu, toka upande, na mabawa karibu, mishipa ionekane. Tena tuandike fasi na tarehe.

Shida iko kwa pointi. Mwenye kuandika "Orthetrum, aina haijulikani" anapata nusu. Mwenye kubahatisha jina zima anapata zote. Kwa heshima, hiyo inatuzoeza uongo. Tunaomba jina la kwanza tu, likiwa na sababu yake, lihesabiwe jibu kamili.

Ziwa letu lina wake: Platycypha pinheyi, wa mwambao wa mawe wa Tanganyika. Tukimwita Platycypha caligata, ndugu yake wa mito mingi ya Afrika, nani atajua kwamba alikuwa hapa? Na tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, ufuko wenyewe si ule tena.

Mwenye picha ya Orthetrum ya upande, ailete kwa sekretari wa gazeti kabla ya Ijumaa.